Siri ya Mtungi: Moyo na Pumzi za Wanyama katika Historia ya Dawa za Malale

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Maneno hayo yana ukweli mkubwa, maana kata huingia ndani ya mtungi, nayo hutoka na habari ya maji yaliyomo. Kwa karne nyingi wataalamu wa miili ya viumbe waliamini vivyo hivyo: aliyetaka kuijua siri ya moyo wa mnyama hakuwa na budi kupasua kifua chake au kukata mshipa wake. Historia isimuliwayo hapa ni ya jinsi imani hiyo ilivyoondoka kidogo kidogo, hata leo moyo na pumzi za mnyama huweza kupimwa bila kisu, ili ijulikane kama dawa mpya ni salama kabla haijatiwa kinywani mwa mtu. Tena si historia iliyo mbali na watu wa Usukuma, kwa sababu sehemu moja yake ilitendeka katika nchi yao, na baadhi ya watu waliilipia kwa miili yao.

Mji wa Mhunze ni makao makuu ya wilaya ya Kishapu katika mkoa wa Shinyanga. Nchi inayouzunguka ni nchi ya mbuga, pamba, mtama na ng'ombe, na mti wake wa asili ni mgunga. Leo mtu aweza kwenda mwendo mrefu asione pori la maana. Lakini miaka mia iliyopita pori lilikuwa likisonga mbele, na ndani ya pori alikaa mbung'o. Upande wa kaskazini wa Mhunze ni Maswa, ambako malale ya watu yalitambuliwa katika mwaka wa 1922. Upande wa magharibi ni Shinyanga, ambako C. F. M. Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa porini ya Tanganyika, alianza kupigana na mbung'o kwa moto na kwa shoka, akisaidiwa na watemi na nguvu za watu wao. Juhudi hizo zilizaa Idara ya Uchunguzi wa Mbung'o, na Shinyanga ikawa jina linalojulikana kwa wataalamu wa dunia nzima. Aina moja ya mbung'o wa migungani huitwa hata leo kwa jina la Swynnerton. Yeye mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1938, akiwa bado katika kazi hiyo.

Malale ya nchi hizi si yale ya pole pole ya Afrika ya Magharibi na Kongo. Kidudu chake, kilichoelezwa na Stephens na Fantham wa Liverpool katika mwaka wa 1910, ni kikali, na mgonjwa asiyetibiwa hufa mara nyingi katika miezi michache. Swali kubwa la siku hizo lilikuwa ni hili: je, kidudu hicho ni kile kile kikaacho katika damu ya wanyama wa porini, au ni kingine? Daktari Mjerumani, Max Taute, alikuwa na hakika kwamba vidudu vya wanyama havimdhuru mtu, hata katika mwaka wa 1913 akajidunga mwenyewe damu yenye vidudu. Baadaye, wakati wa Vita vya Kwanza, yeye na mwenzake Huber walijidunga tena, wakawadunga na Waafrika zaidi ya mia moja. Hakuna aliyeugua. Lakini jawabu hilo halikumaliza ubishi, maana kutougua kwa watu wale hakukuonyesha kwamba kidudu cha mtu hakiwezi kujificha ndani ya mnyama.

Ubishi huo ndio uliopelekwa Tinde, kusini-magharibi ya mji wa Shinyanga, penye njia panda ya Nzega na Kahama. Huko daktari J. F. Corson alianza mwaka wa 1934 kukihamisha kidudu kilichotoka kwa mgonjwa, kwa kuumwa na mbung'o, kutoka mnyama hata mnyama: kondoo kwa kondoo, swala kwa swala, mwaka baada ya mwaka. Kazi ilipokewa na H. Fairbairn na E. Burtt, na mwishoni K. C. Willett, na habari zake zilipochapishwa mwaka wa 1955, kidudu kilikuwa kimekwisha safiri katika miili ya wanyama kwa miaka kumi na minane. Kila baada ya muda mbung'o waliokichukua waliachwa wamuume mtu aliyejitolea. Jawabu lilikuwa wazi: baada ya miaka yote hiyo kidudu kilikuwa kingali na nguvu ya kumshika binadamu. Basi mnyama wa porini na mnyama wa zizini wanaweza kuwa ghala ya malale, na elimu hiyo imekuwa msingi wa kila kampeni dhidi ya ugonjwa huo mpaka leo.

Ukweli uliopatikana Tinde hauna shaka, wala haifai kuudharau. Lakini msomaji atazamapo mpangilio wa kazi ile ataona jambo moja lisiloweza kupitwa kimya. Kondoo na swala walikuwa chombo cha kuchukulia. Aliyekuwa chombo cha kupimia ni mtu. Waliojitolea walitibiwa, maana dawa ya kuua vidudu kabla havijafika ubongoni ilikuwako. Hata hivyo dawa yenyewe haikuwa bila madhara, na neno "kujitolea", katika nchi iliyotawaliwa na wageni, ambamo kodi ilidaiwa kwa fedha na mshahara ulikuwa mdogo, lilikuwa neno pana kuliko lilivyoonekana katika kitabu. Tena mnyama wa Tinde aliulizwa swali moja tu: je, kidudu kimo katika damu yako? Moyo wake unakwendaje, pumzi zake ni ngapi, mwili wake unaona nini: hayo hayakuwa maswali ya kazi ile.

Haikuwa kosa la Tinde peke yake. Ndiyo iliyokuwa desturi ya elimu yote ya dawa za malale tangu mwanzo wake. Katika mwaka wa 1905 Thomas na Breinl wa Liverpool waliona kwamba dawa ya arseniki iitwayo atoksili huondoa vidudu katika damu ya wanyama wa maabara. Mwaka uliofuata Robert Koch aliichukua mpaka visiwa vya Sese katika ziwa Viktoria, nchi ya Uganda, ambayo malale yalikuwa yamekwisha ua watu zaidi ya laki mbili. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Vidudu viliporudi, Koch akaongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa zaidi ya ishirini wakapofuka, wala macho yao hayakurudi. Wenyeji wa pwani husema kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo, lakini methali hiyo haikusudii kwamba tabibu ndiye awachagulie watu lipi life. Panya wa Liverpool walikuwa wametoa jawabu la kweli kwa swali waliloulizwa; msiba wa Sese ulitoka katika swali ambalo hawakuulizwa.

Dawa zilizofuata zilirudia fundisho lile lile kwa namna mbalimbali. Triparsamidi ya Taasisi ya Rockefeller, ambayo Louise Pearce aliipeleka Léopoldville katika mwaka wa 1920, iliweza kufika ubongoni, lakini nayo iliweza kudhuru mshipa wa jicho. Suramini, iliyotengenezwa na kampuni ya Bayer katika mwaka wa 1916, iliokoa wengi, bali huchosha mafigo na haifiki ubongoni. Pentamidini ya kuanzia miaka ya 1940 huweza kushusha shinikizo la damu ghafula ikipitishwa katika mshipa kwa haraka. Melarsoproli, ambayo Ernst Friedheim aliitoa mwaka wa 1949, ilitibu waliokwisha kufika katika usingizi wa mauti, na yenyewe ikaua wagonjwa watano hivi katika kila mia. Na juu ya hayo yote, malale ya Afrika ya Mashariki hushambulia moyo wenyewe: nyama ya moyo huvimba, na mapigo huharibika kabla ya dawa yoyote kutolewa. Basi moyo unaopewa dawa mara nyingi ni moyo uliokwisha kujeruhiwa, na dawa ambayo mtu mwenye afya huistahimili yaweza kumwangusha mgonjwa. Katika ugonjwa wa namna hiyo, kutojua dawa inavyotenda juu ya moyo ni kutojua nusu ya dawa.

Wakati huo, mbali na mbuga za Shinyanga, elimu ya kupima moyo ilikuwa ikipita njia yake. Mwanzo wake ulikuwa wa kisu. Padri Mwingereza, Stephen Hales, alieleza katika mwaka wa 1733 jinsi alivyofunga farasi jike chini, akamkata mshipa, akaingiza bomba, na damu ikapanda katika kigae kirefu kiasi cha futi 8 na inchi 3. Hicho kilikuwa kipimo cha kwanza cha shinikizo la damu, na farasi alikufa kwa kupimwa. Katika miaka ya 1860 Mfaransa Étienne-Jules Marey alibuni vyombo vya kufungwa juu ya mkono na kifua, vilivyochora mapigo na pumzi juu ya karatasi bila kutoboa ngozi. Mlango ukawa umefunguliwa. Mwaka wa 1887 Augustus Waller wa London alionyesha kwamba umeme mdogo unaotoka moyoni huweza kushikwa kutoka nje ya mwili. Mara nyingi alimtumia mbwa wake aliyeitwa Jimmy, ambaye husimama kimya miguu yake ikiwa ndani ya mitungi ya maji ya chumvi, na waya za mitungi hiyo huchukua habari za moyo wake.

Katika mwaka wa 1909 Waller alimwonyesha mbwa huyo mbele ya wataalamu wa Royal Society. Watu waliosikia habari hizo wakadhani kwamba mnyama anateswa, na swali likaulizwa Bungeni, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka wa 1876 iliyozuia ukatili juu ya wanyama wa majaribio. Waziri akajibu kwamba mbwa alisimama katika maji yenye chumvi ya kawaida tu. Hapo ndipo penye mgeuko mkubwa wa historia hii. Kiumbe alitoa siri ya moyo wake, kisha akaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Mtungi ulisomwa bila kata. Mholanzi Willem Einthoven, aliyekuwa ameunda galvanometa ya uzi iliyo nyepesi kuhisi kuliko chombo cha Waller, ndiye aliyezipa alama za mchoro wa moyo herufi P, Q, R, S na T zinazotumika hata leo, naye akapewa tuzo ya Nobel katika mwaka wa 1924. Chombo chake cha kwanza kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, kikihitaji watu kadhaa wa kukiendesha.

Wengi hudhani kwamba kipimo kisichojeruhi kilipendwa kwa sababu ya huruma peke yake. Huruma ilikuwako, lakini iko sababu nyingine, nayo ni ya elimu yenyewe. Mnyama aliyefungwa, aliyechomwa au aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hatoi habari za kweli. Hofu huharakisha moyo, maumivu hukatisha pumzi, na dawa ya usingizi hupunguza vyote viwili. Mpimaji hawezi tena kutenganisha kazi ya dawa anayoichunguza na kazi ya mikono yake mwenyewe. Shahidi aliyepigwa husema lolote. Kwa hiyo kutomwumiza mnyama ni sharti la kupata ushahidi ulio safi, na rehema na usahihi, ambazo watu huziona kuwa ni njia mbili, hukutana hapa katika njia moja.

Kwa fikira hiyo vyombo vikaongezeka. Katika mwaka wa 1938 Byrom na Wilson walieleza jinsi ya kupima shinikizo la damu la panya kwa kumvisha pete ya kubana mkiani, bila kumpasua. Kwa upande wa pumzi, Chapin mwaka wa 1954 alipima hamsta waliokuwa macho na huru, na mwaka uliofuata Drorbaugh na Fenn wakaeleza hesabu ya njia hiyo walipopima watoto wachanga. Njia yenyewe ni nyepesi na ya ajabu. Kiumbe huwekwa ndani ya sanduku lililofungwa vizuri. Avutapo hewa, hewa hiyo hupata joto na unyevu wa mwili, nayo hutanuka. Kutanuka huko huongeza kidogo shinikizo ndani ya sanduku, na apumuapo nje hushuka tena. Chombo chepesi cha kuhisi huandika kupanda na kushuka huko, na kutokana nako huhesabiwa idadi ya pumzi na ukubwa wa kila moja. Katika mwaka wa 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliyakusanya mawazo haya katika kanuni tatu: kutumia kisicho mnyama inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu ya wale wasioepukika.

Sheria za serikali zilikuja nyuma, na kila mara zilisukumwa na misiba. Dawa ya maji ya sulfanilamidi iliua watu zaidi ya mia moja katika Marekani mwaka wa 1937, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kudai ushahidi wa usalama kabla ya dawa kuuzwa. Msiba wa thalidomidi, uliojulikana mwaka wa 1961, ulizidisha ukali wa sheria. Lakini moyo ulikuwa na hila yake, maana dawa yaweza kuonekana njema kwa miaka, kisha ikaua mtu mmoja mmoja kwa ghafula. Kila pigo la moyo lina wakati wa kujikaza na wakati wa kurudi katika utulivu, na muda huo husomwa katika mchoro kati ya herufi Q na T. Dawa nyingine huziba kijilango kipitishacho potasiamu katika chembe za moyo, muda huo ukarefuka, na moyo ukaingia katika mapigo ya vurugu. Halofantrini, dawa ya malaria, ilionekana katika mwaka wa 1993 kuwa na hatari hiyo. Terfenadini, dawa ya mafua ya mzio iliyotumiwa na mamilioni ya watu, iliondolewa katika soko la Marekani mwaka wa 1998 kwa sababu iyo hiyo.

Kwa hiyo mataifa yenye viwanda vikubwa vya dawa yalipatana juu ya miongozo miwili, mmoja wa mwaka wa 2000 na mwingine wa mwaka wa 2005, kwamba kila dawa mpya ipimwe kwanza jinsi inavyotenda juu ya moyo, pumzi na ubongo. Hapo uchaguzi wa mnyama ukawa jambo la maana. Moyo wa panya mdogo hupiga mara 500 hata 700 kwa dakika, na hurudi katika utulivu kwa njia nyingine isiyotegemea sana kijilango kile. Kumwuliza habari za Q na T ni kumwuliza mvuvi habari za mlima. Mbwa na nyani hufanana na mtu zaidi, na siku hizi huvishwa koti lenye vibandiko na mikanda, wakatembea na kula, huku mapigo na pumzi zao zikipelekwa kwa mawimbi ya redio.

Afrika ya Mashariki haikubaki nje ya mambo haya. Huko Muguga, karibu na Nairobi, taasisi ya Kenya ya uchunguzi wa malale iliyoanzishwa mwaka wa 1977 iliwatumia tumbili walioambukizwa kidudu cha Afrika ya Mashariki ili kupima dawa. Dawa iitwayo pafuramidini ilikuwa na matumaini makubwa, lakini mwaka wa 2008 majaribio yake yalisimamishwa, kwa sababu mafigo na maini ya baadhi ya watu waliojitolea yalionyesha dalili za kudhurika. Feksinidazoli ilikuwa na bahati bora. Ilibuniwa zamani na kampuni ya Hoechst, ikasahauliwa, ikafufuliwa mwaka wa 2005 na shirika la DNDi; ikapitishwa katika vipimo vya wanyama, kisha vya watu. Baada ya majaribio katika Malawi na Uganda, wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliikubali mwaka wa 2023 kwa malale ya Afrika ya Mashariki pia. Ni dawa ya kumeza, na imewatoa wagonjwa katika sindano za arseniki. Nayo hurefusha muda wa Q na T. Lakini mara hii tabibu amekwisha onywa, naye huutazama moyo wa mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Sese na leo: hatari ingaliko, ila inajulikana mapema.

Tanzania nayo ilitunga sheria ya ustawi wa wanyama mwaka wa 2008, na mamlaka yake ya dawa, iitwayo TMDA tangu mwaka wa 2019, ilikuwa ya kwanza katika Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, mwaka wa 2018, kuwa imefika daraja la tatu la ukaguzi. Lakini kukagua karatasi za vipimo vilivyofanywa ng'ambo si sawa na kuwa na vipimo nyumbani. Magonjwa ya mbugani ni ya watu wa mbugani, na viwanda vya mbali huyakumbuka pale tu yanapoleta faida.

Wako wasemao kwamba vyombo hivi ni anasa, kwa kuwa mfugaji wa Usukuma tangu zamani hutazama ubavu wa ng'ombe wake, akazihesabu pumzi, akajua kama mapafu ni mazima. Ni kweli kwamba jicho la mfugaji ni babu wa vipimo vyote visivyojeruhi. Hata hivyo mwongozo wa mwaka wa 2000 ulisema wazi kwamba kwa pumzi kutazama peke yake hakutoshi, maana dawa yaweza kupunguza hewa ya kila pumzi bila kupunguza idadi yake. Wako pia wasemao kwamba koti na sanduku vimemaliza mateso ya mnyama. Hao nao wamezidisha, kwani mnyama wa maabara angali mfungwa, na mara nyingi mwisho wa kazi ni mwisho wa uhai wake.

Fundisho la Tinde, basi, si kwamba wataalamu wa zamani walikuwa wabaya. Walitafuta ukweli wakaupata. Fundisho ni kwamba kila kipimo kina mwili unaokibeba, na swali lisiloulizwa kwa mnyama leo litaulizwa kwa mtu kesho, naye atalijibu kwa macho yake, au kwa moyo wake. Kati ya Maswa na Tinde wako watu waliokuwa kipimo ili wengine wajue. Deni lao halilipwi kwa kuwataja. Hulipwa kwa kuhakikisha kwamba dawa ifikayo Mhunze imekwisha ulizwa maswali yake yote mahali pengine kabla ya kufika katika damu ya mtu.